Mto Unaopima Mito: Tathmini ya Huduma ya SNOTEL kwa Anayefuatilia Misitu ya Milimani

Kiswahili kinatumia neno moja, mto, kwa kitu tunacholazia kichwa na kwa maji yanayoteremka bondeni, na sijaona mahali ambapo maana hizo mbili zinakutana vizuri kuliko katika huduma ninayoitathmini hapa. SNOTEL ni mtandao wa vituo vya kupimia theluji vinavyojiendesha vyenyewe katika milima ya magharibi mwa Marekani, na kifaa chake kikuu ni mto mpana na bapa, uliolazwa juu ya ardhi na kujazwa kimiminika kisichoganda. Theluji inapoangukia juu yake, uzito wake hukigandamiza kimiminika hicho, kihisi husoma mgandamizo, na matokeo yake ni namba moja tu: lau theluji yote iliyolala hapa ingeyeyuka sasa hivi, maji yangesimama kwa kina gani. Kwa namba hiyo wataalamu hukadiria mito ya mabondeni itajaa kiasi gani majira ya kuchipua yatakapofika.

Watu wa maji wameisifu huduma hii kwa miaka mingi, na sina haja ya kurudia sifa zao. Mimi naiweka kwenye mizani nyingine. Msitu wa milimani huishi nusu ya mwaka, au zaidi, chini ya theluji au kando yake, na theluji hiyo inabadilika: inachelewa kuanguka, inawahi kuyeyuka, na mahali pengine mvua imechukua nafasi yake. Je, mtu anayetaka kuelewa jinsi mabadiliko hayo yanavyoigusa mizizi, miche, wadudu na wanyama wa msitu anapata nini akifungua takwimu za SNOTEL? Baada ya kuzitumia kwa misimu kadhaa, jibu langu ni kwamba anapata zaidi ya walichokusudia waliozianzisha, mradi ajue safu ipi aisome kwa makini na ipi aisome kwa shaka.

Huduma hii huendeshwa na idara ya uhifadhi wa maliasili iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na ina vituo zaidi ya 900, kuanzia Alaska hadi New Mexico. Vituo vya kujiendesha vilianza kuenea katika miaka ya 1970, lakini mzizi wake uko nyuma zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, James Edward Church, profesa wa lugha za kale katika chuo kikuu cha Nevada mjini Reno, alikuwa akipanda Mlima Rose majira ya baridi, akabuni bomba la chuma la kuchomeka kwenye theluji na kuipima uzito. Vipimo vyake vilisaidia kutatua mabishano kuhusu kina cha maji ya Ziwa Tahoe, na kutoka hapo upimaji wa theluji ukawa kazi ya serikali. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba Church alikuwa akiuliza pia swali la msitu. Alitaka kujua miti inahifadhi theluji kwa namna gani, na maoni yake yalikuwa kwamba msitu unaofaa zaidi ni ule wenye nafasi ndogo ndogo za uwazi, mfano wa sega la nyuki, ambamo theluji hufika chini bila kunaswa na matawi na kisha kukingwa na kivuli cha miti inayozunguka. Swali hilo la pili liliachwa njiani, mtandao ukajengwa kwa ajili ya lile la kwanza, na kasoro nyingi nitakazozitaja zinatokana na hapo.

Kuhusu matumizi yenyewe, sina malalamiko makubwa. Takwimu hutolewa bila malipo na bila kujisajili. Mtu hufungua ramani, huchagua kituo, na huletewa grafu ya msimu unaoendelea ikilinganishwa na kiwango cha kati cha miaka 1991 hadi 2020. Mwaka wa vituo hivi huanza tarehe 1 Oktoba na kuishia tarehe 30 Septemba, mpangilio unaomshangaza mgeni kwa siku moja na kumfaa maisha yake yote, kwa sababu msimu mzima wa theluji hubaki ndani ya mwaka mmoja badala ya kukatwa katikati na Januari. Vipimo huja kwa inchi na Farenhaiti, lakini fomu ya kutengenezea ripoti inaruhusu kubadili kuwa vya metriki. Sura ya kurasa zake ni ya kiofisi na haipendezi macho. Anayezoea programu za simu zenye rangi na michoro atachoka mapema. Anayetaka jedwali la miaka 40 la kituo kimoja atalipata katika dakika chache, na kwangu hilo lina thamani kuliko urembo.

Siwezi kupita bila kutaja kwamba kwa miaka mingi vituo hivi vilituma taarifa zake kwa kudundisha mawimbi ya redio kwenye mikia ya vimondo vinavyoungua angani. Leo vingi vinatumia mitandao ya simu na setilaiti, njia zenye uhakika zaidi, ingawa nakiri kwamba ile ya zamani ilikuwa na uzuri wake.

Sasa tuingie msituni. Watu wengi wakisikia kwamba majira ya baridi yanapungua ukali hudhani mizizi ya miti itapata joto. Katika msitu wenye theluji mambo huweza kwenda kinyume kabisa. Theluji iliyojaa hewa ni blanketi: ikifikia kina cha takribani sentimita 20, hewa iliyo juu yake inaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri ilhali udongo ulio chini umebaki karibu na sifuri. Blanketi likichelewa kutandikwa, au likiyeyuka katikati ya majira ya baridi kisha usiku mkali ukafuata, udongo huganda. Hewa imepata joto kwa wastani, na udongo umekuwa baridi zaidi.

Jambo hili lilijaribiwa waziwazi katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 Peter Groffman na wenzake waliondoa theluji kwa koleo mwanzoni mwa majira ya baridi ili kuiga msimu ambao theluji inachelewa. Udongo uliganda kwa kina kuliko kawaida, mizizi midogo ya miti ya mepo ya sukari ilikufa kwa wingi, na naitrojeni ambayo mizizi ingeifyonza ilipotea na maji kwa umbo la naitreti. Majaribio yaliyofuata katika msitu huohuo yalionyesha kwamba mepo walioondolewa theluji walipungua ukuaji kwa takribani asilimia 40. Kwa bahati mbaya Hubbard Brook iko mashariki, nje ya eneo la SNOTEL, na hili ni pungufu ambalo mtumiaji analigundua mapema: milima ya mashariki ya Marekani haimo kabisa katika mtandao huu.

Kule magharibi upo mfano mkubwa zaidi, ambao haukuhitaji koleo la mtafiti. Katika pwani ya kusini-mashariki mwa Alaska, mierezi ya manjano imekufa katika eneo linalozidi hekta 200,000. Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta kuvu, wadudu au virusi wa kulaumiwa, na hawakupata msababishi anayetosha. Paul Hennon, Paul Schaberg na wenzao walikuja kuonyesha kwamba chanzo ni theluji iliyopungua. Mwerezi huu hupeleka mizizi yake midogo karibu sana na uso wa ardhi, hasa penye udongo uliojaa maji, na huamka mapema kabla majira ya kuchipua hayajatulia. Zamani theluji iliifunika mizizi hiyo katika kipindi hicho cha hatari. Siku hizi katika miinuko ya chini ardhi huwa wazi, na baridi ya ghafla ikiufikisha udongo kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, mizizi hufa. Mti husimama miaka mingine ukinyauka kuanzia kileleni, kana kwamba haujapata taarifa za kifo chake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndipo ilipo hazina ya SNOTEL ambayo wengi hawaifungui. Vituo vyake vingi vina vihisi vya joto na unyevu wa udongo, vilivyofukiwa katika kina cha sentimita 5, 20, 50 na wakati mwingine zaidi. Watu wa maji huvitazama kujua kama udongo umekauka kiasi cha kunywa theluji yote kabla haijafika mtoni. Mtu wa msitu anapaswa kuviweka kwenye grafu moja na kina cha theluji na joto la hewa, kisha atazame wiki za Novemba na Desemba. Katika mwaka ambao theluji imewahi, mstari wa joto la hewa hupanda na kushuka kama wazimu huku mstari wa udongo ukinyooka karibu na sifuri na kubaki hivyo hadi majira ya kuchipua. Katika mwaka ambao theluji imechelewa, mistari miwili hufuatana, na udongo wa juu unaingia chini ya sifuri kabla blanketi halijafika. Hakuna maelezo ya kitabuni yaliyonifanya niielewe kazi ya theluji kuliko grafu hiyo ya mistari mitatu, na kama huduma hii ingekuwa na kipengele hicho kimoja tu, bado ningeipendekeza.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Joto la udongo linaposimama kwenye sifuri kwa muda mrefu, mtu asikimbilie kusema udongo umeganda. Maji yanayogeuka barafu hutoa joto, na hali hiyo ya kati inaweza kudumu wiki nyingi. Ni vyema kuangalia pia kihisi cha unyevu, ambacho husoma maji ya majimaji pekee na hivyo huonyesha kushuka kwa ghafla pale maji yanapogeuka barafu.

Chini ya blanketi hilo hakuna usingizi. Katika msitu wa Niwot Ridge, Colorado, ulio kwenye mwinuko wa mita 3,000 na ushei, watafiti walipima hewa ya ukaa inayotoka kwenye udongo majira ya baridi na kuona kwamba vijidudu vya udongo huendelea kufanya kazi chini ya theluji, na kwamba theluji ikiwa nyembamba kazi hiyo hupungua sana. Ndani ya nafasi ile iliyo kati ya ardhi na theluji panya wadogo na virukanjia hutafuta chakula bila kuonekana na bundi. Hata maadui wa msitu hunufaika: viluwiluwi vya mbawakawa wa misonobari, ambao baridi kali huwaua katika sehemu ya shina iliyo wazi, husalimika katika sehemu ya chini iliyofunikwa na theluji. Theluji haina upande, humfunika amfunikaye.

Kitu cha pili ambacho SNOTEL inakitoa vizuri ni tarehe. Siku ambayo uzito wa theluji unafikia kilele chake, na siku ambayo unafikia sifuri, zinasomeka kwenye grafu bila utata, na kwa msitu tarehe hizo ni kama saa ya ukutani. Niwot inafaa tena kuwa mfano, kwa kuwa kituo cha SNOTEL chenye jina hilo kiko karibu na mnara ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 unapima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Mtu angetegemea kwamba theluji ikiondoka mapema, msimu wa ukuaji hurefuka na msitu hufyonza kaboni zaidi. Jia Hu na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo yaliyo kinyume: miaka yenye msimu mrefu wa ukuaji ilikuwa miaka ya theluji haba, na msitu ulifyonza kaboni kidogo zaidi. Kwa kufuatilia isotopu za maji ndani ya miti, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, ambazo hutofautisha maji ya theluji na ya mvua, walionyesha kwamba miti hii huendelea kunywa maji ya theluji hata katikati ya kiangazi, mvua za kiangazi zikiwapo. Kwa hiyo theluji iliyoyeyuka mapema ni akiba iliyotumika kabla ya njaa.

Msomaji anaweza kujifunza jambo lilelile kwa kutumia takwimu za kituo pekee. Weka unyevu wa udongo wa sentimita 50 kando ya uzito wa theluji, na utaona kilele cha unyevu kikifika karibu na siku ambayo theluji inaisha, kisha mteremko mrefu. Theluji ikiisha wiki tatu mapema, mteremko huanza wiki tatu mapema, na msitu hufika Agosti ukiwa na kiu. Hapo ndipo moto huingia. Anthony Westerling na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba katika misitu ya magharibi mwa Marekani miaka ambayo theluji iliyeyuka mapema ilikuwa na moto mara tano ya miaka ambayo ilichelewa. Aidha, msitu ukishaungua hubadilisha theluji ya miaka inayofuata: katika milima ya Cascade, Oregon, watafiti waliona kwamba vipande vya magome yaliyoungua vikidondokea kwenye theluji huifanya kuwa nyeusi na kuvuta jua, na theluji ya msitu ulioungua iliondoka siku 23 kabla ya ile ya msitu mzima uliokuwa jirani.

Safu ya kina cha theluji, ambayo hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika yanayotumwa kutoka juu, ni ya kuwafuatilia wanyama. Tofauti kati ya kina na uzito ni muhimu hapa: mto unajua theluji ina maji kiasi gani, lakini mnyama mwenye kwato hahangaishwi na maji, anahangaishwa na kuzama hadi tumboni. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka katika milima ya Arizona, ambako Thomas Martin na John Maron waliangalia msitu ambao miti yake yenye majani mapana, kama aspeni na mepo, ilikuwa ikitoweka pamoja na ndege wanaojenga viota humo. Theluji ilikuwa imepungua kwa miongo kadhaa, na rahisi kulikuwa kusema kwamba ukame unaiua miti. Wao waliweka uzio kuwazuia elki, jamii ya kulungu wakubwa, kwa miaka sita. Ndani ya uzio mimea ilirudi, na ndege wakarudi nayo, ingawa theluji haikuongezeka. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba theluji haba iliwaachia elki nafasi ya kukaa juu mlimani majira yote ya baridi, na elki waliila miche. Theluji ilikuwa ukuta, na ukuta ulipoanguka mlaji akaingia. Ni funzo kwa yeyote anayesoma grafu za SNOTEL: mstari unaoshuka hauelezi wenyewe kwa njia ipi utaudhuru msitu.

Ninapofika kwenye kasoro, ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote na inatokana na ile njia iliyoachwa baada ya Church. Vituo vya SNOTEL kwa kawaida huwekwa katika uwazi mdogo ndani ya msitu, mahali palipokingwa na upepo, kwa sababu hapo theluji hutua vizuri na hupimika. Mto haulali chini ya matawi. Lakini msitu ni matawi. Sehemu ya theluji hunaswa juu ya miti na kurudi hewani bila kugusa ardhi. Sehemu nyingine huangushwa kwa mafungu. Kivuli huichelewesha kuyeyuka, na joto linalotolewa na mashina yenyewe huiharakisha. Jessica Lundquist na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba hata mwelekeo wa tofauti hiyo haubaki uleule: penye majira ya baridi yenye baridi kali, theluji hudumu zaidi chini ya miti, na pale ambapo wastani wa joto la Desemba hadi Februari unazidi nyuzi 1 chini ya sifuri, theluji hudumu zaidi katika uwazi, kwa wiki moja au mbili. Maana yake kwa mtumiaji ni nzito. Kadiri mlima unavyopata joto, pengo kati ya kinachosomwa na kituo na kinachotokea chini ya miti iliyo hatua 30 kutoka hapo linaweza kugeuka upande, na grafu haitatoa ishara yoyote. Tarehe ya kuisha kwa theluji ninayoisifu hapo juu ni tarehe ya uwazi, si ya msitu.

Kasoro ya pili inahusu joto la hewa, na hapa nasema wazi: usitumie safu hii kupima mwenendo wa miongo bila marekebisho. Kuanzia miaka ya 1990 vihisi vya joto vilibadilishwa katika vituo vingi, na Jared Oyler pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba mabadiliko hayo yaliongeza joto la bandia kwenye kumbukumbu, hata ikaonekana kwamba milima mirefu inapata joto kwa kasi kubwa kuliko ilivyo kweli. Milima inapata joto. Hilo halina ubishi. Ila atakayechukua namba hizi jinsi zilivyo atakuwa amepima pia ununuzi wa vifaa vipya. Uzito wa theluji haukuathiriwa na tatizo hili, na ndiyo sababu tafiti kubwa kuhusu kupungua kwa theluji huutegemea. Mojawapo, ya Philip Mote na wenzake ya mwaka 2018, ilitumia vituo pamoja na vipimo vya mkono vya zamani na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maeneo yenye kumbukumbu ndefu yalionyesha kupungua.

Zipo kasoro ndogo ambazo nitazigusa tu. Tabaka gumu la barafu linaweza kujishikiza kama daraja juu ya mto, na uzito ukasomwa pungufu kwa siku kadhaa. Vituo vingi viko katika miinuko ya kati, hivyo mpaka wa juu wa miti, ambako miche hupambana na upepo na theluji kwa wakati mmoja, una vituo vichache. Na California, jimbo ambalo mnamo Aprili 2015 theluji yake ilishuka hadi asilimia 5 ya kawaida wakati wa ukame ulioua zaidi ya miti milioni 100, ina mfumo wake yenyewe wa kupima theluji, kwa hiyo SNOTEL ina vituo vichache tu huko na mtafiti atalazimika kuunganisha vyanzo viwili vyenye mipangilio tofauti.

Wengine huniuliza kwa nini nisitumie picha za setilaiti, ambazo hufunika mlima mzima. Nazitumia. Ramani za theluji zinazotokana na chombo cha MODIS, kilichopelekwa angani ndani ya setilaiti ya Terra mnamo Desemba 1999, huja kila siku kwa vipande vya mita 500, na kwa maeneo yasiyo na miti ni nzuri sana. Lakini penye msitu mnene jicho la setilaiti huona vilele vya miti, na theluji iliyo chini yake hufichika. Mawingu nayo huchukua siku nyingi za majira ya baridi. Isitoshe, ramani hizo husema kama theluji ipo au haipo, hazisemi uzito wake wala joto la udongo ulio chini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndege zinazopima kina cha theluji kwa miale ya leza hupenya vizuri zaidi kati ya miti na kutoa picha ya kina ya bonde zima, ila huruka siku chache kwa msimu, ilhali mto wa SNOTEL haupumziki usiku wala mchana.

Kwa mwanafunzi wa ikolojia, mwalimu anayetafuta takwimu halisi za darasani, au mtunza msitu anayetaka kujua kama miche ya mwaka huu ilipitisha majira ya baridi ikiwa imefunikwa, naipendekeza huduma hii bila kusita, na ushauri wangu ni kuanza na kituo kimoja chenye vihisi vya udongo na kumbukumbu isiyopungua miaka 15, badala ya kupakua jimbo zima. Anayehitaji kujua hali ya chini ya miti yenyewe aongeze vihisi vyake: vidude vya kurekodi joto vyenye ukubwa wa kitufe, vikifukiwa kwa kina cha sentimita chache chini ya matawi na katika uwazi, vitaonyesha siku theluji ilipofika na siku ilipoondoka, kwa sababu joto la udongo huacha kutikisika pindi linapofunikwa. Vikiwekwa karibu na kituo cha SNOTEL, pengo lile nililolitaja litaanza kupimika.

Na kabla ya kuuamini mstari wa miaka 40 wa kituo chochote, ni vyema kutazama picha za eneo lake, za zamani na za sasa, pale zinapopatikana. Miti inayouzunguka uwazi huota, hurefuka, na kuanza kunasa theluji ambayo zamani ilitua juu ya mto; mahali pengine moto umepita na kuufagia msitu wote, ukabadilisha upepo, kivuli na rangi ya theluji kwa msimu mmoja. Katika hali zote mbili kituo huendelea kutuma namba zake kila saa, na badiliko lililotokea msituni huingia kwenye grafu likiwa limevaa sura ya badiliko la theluji.